Ukishtakiwa Tena kwa Deni Lilelile

Hukumu uliyopata katika kesi ya kwanza haitajipeleka yenyewe mbele ya hakimu wa kesi ya pili. Ningependa kila mtu wa Kwale, Ukunda, Diani au Msambweni alijue hilo kabla hajaitia hati ya wito kwenye droo na kusema, "Hawa si tulishamalizana nao?" Hakimu wa Msambweni hana habari ya kilichoamuliwa Kwale, wala masjala ya Mombasa haina habari ya faili lililofungwa Msambweni. Wa kuziunganisha kesi hizo ni wewe, kwa karatasi, na ndani ya siku ulizopewa. Ukinyamaza, mdai ataandikiwa hukumu wewe hupo, na deni ulilolikana ukashinda litakurudia likiwa na muhuri wa mahakama.

Huku kwetu madeni mengi hayaanzi kwa mkataba. Mvuvi wa Gazi hupeleka samaki jikoni kwa hoteli za Diani na kulipwa mwisho wa mwezi. Masika yakiingia, wageni wakapungua, mwisho wa mwezi husogea hadi mwezi unaofuata. Mwenye duka huchukua mzigo kwa mali kauli, na kinachobaki ni mistari katika daftari na jumbe za M-Pesa. Ndiyo maana ugomvi wa deni hapa kwa kawaida hauhusu kama mtu alikopa au hakukopa. Watu hugombana kuhusu kiasi kilicholipwa, mzigo ulioharibika, na nani alimwambia nani nini kwenye simu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Mama mwenye duka Msambweni anadaiwa shilingi 180,000 na muuzaji wa jumla wa Ukunda. Yeye anasema alishalipa 150,000, na zilizobaki zilikuwa bei ya unga uliofika umelowa. Walishtakiana Kwale, kesi ikaisha. Sasa mwaka umepita, na wito mwingine umemfikia kwa deni lilelile, safari hii kutoka mahakama nyingine.

Soma hati kabla ya kumpigia mtu simu

Tazama kwanza kama ulicholetewa ni barua ya madai au ni wito wa mahakama. Barua ya wakili au ya wakusanya madeni haina nambari ya kesi. Inastahili jibu la maandishi, lakini siku za mahakama hazijaanza kuhesabiwa. Wito wa kweli una jina la mahakama, nambari ya kesi na mwaka, muhuri, na idadi ya siku ulizopewa kujibu. Hata ukikujia kwa WhatsApp au barua pepe usiudharau, kwa maana tangu mwaka 2020 kanuni za kesi za madai nchini Kenya zinaruhusu wito kupelekwa kwa njia hizo, na aliyeupeleka ataapa kwamba umeupata. Andika pembeni mwa hati tarehe na saa uliyoipokea, na nani aliyekupa. Siku zako zinahesabiwa kuanzia hapo.

Ukishuku kuwa hati ni ya kubuni, peleka nambari ya kesi masjala ya mahakama iliyotajwa, au uitafute katika mfumo wa mahakama wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, ambao tangu Machi 2024 unatumika nchi nzima. Karani atakuambia kama kesi ipo. Pasa sauti uulize pia itatajwa lini, na kama itasikizwa ana kwa ana au kwa video. Ikiwa ni kwa video, tafuta mapema mahali penye mtandao wa kuaminika, maana simu ikikatika katikati ya kesi mahakama inaweza kuendelea bila wewe.

Kisha isome hati ya madai yenyewe, aya kwa aya. Kanuni za kesi za kawaida zinamtaka mdai aeleze ndani ya hati yake kwamba hakuna kesi nyingine inayoendelea, wala hapakuwahi kuwa na kesi kati yenu kuhusu jambo hilohilo, na athibitishe hayo kwa kiapo. Itafute aya hiyo. Kama imeandikwa kuwa hakuna kesi iliyotangulia, na wewe unajua ipo, umeshapata sentensi yenye nguvu kuliko zote katika utetezi wako. Chini yake ipo sahihi ya mtu aliyeapa.

Linganisha vilevile jina la mdai, kiasi, tarehe na nambari za ankara. Wakati mwingine mdai wa pili si yule wa kwanza. Deni limehamishwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, au ameshtaki ndugu aliyekuwa akisimamia duka. Wakati mwingine shilingi 180,000 zimekuwa 240,000 kwa kuongezewa riba, ili zionekane deni jipya. Yaandike yote hayo kwenye karatasi moja: kesi ya kwanza upande huu, ya pili upande ule.

Kesi ya kwanza iliishaje?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, nami nakuomba usilijibu kwa kukumbuka. Wengi husema "ilitupwa" kwa kila kesi ambayo hawakulipa kitu, na neno hilo moja limebeba mambo manne au matano yasiyofanana kisheria. Nenda masjala ya mahakama ya kwanza ukiwa na nambari ya faili, ulipie nakala zilizothibitishwa za hati ya madai, utetezi wako, na hukumu au amri ya mwisho. Faili likiwa limeshapelekwa ghalani inaweza kuchukua muda, kwa hivyo nenda siku hiyohiyo uliyopata wito. Risiti ya malipo uitunze. Nakala zikichelewa, itamwonyesha hakimu kwamba hukukaa bure.

Kama mahakama ilisikiza ushahidi na kuamua, umesimama pazuri. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinaikataza mahakama kusikiza jambo lililokwisha kuamuliwa kati ya watu walewale na mahakama yenye mamlaka. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilirudia masharti yake katika kesi ya Tume ya Uchaguzi, IEBC, dhidi ya Maina Kiai na wenzake: jambo liwe lilelile, wahusika wawe walewale au wanaodai kupitia kwao, wawe wanashtakiana kwa hadhi ileile, uamuzi uwe wa mwisho, na mahakama ya kwanza iwe ilikuwa na mamlaka ya kuamua. Yaweke mbele yako uyajibu moja moja kwa kesi yako. Maneno "kupitia kwao" yanagusa moja kwa moja ile kampuni iliyonunua deni, maana haki iliyonunua haiwezi kuizidi ile aliyokuwa nayo muuzaji wa Ukunda. Na katika Omondi dhidi ya National Bank of Kenya, mwaka 2001, Mahakama Kuu ilisema wazi kuwa mtu hawezi kuikwepa kanuni hii kwa kuongeza majina au kubadilisha sura ya madai.

Katazo hilo linafika hata kwa yale ambayo hayakusemwa mara ya kwanza. Hoja ambayo mdai angeweza, na alipaswa, kuileta katika kesi ya kwanza huhesabiwa kuwa iliamuliwa humo. Akija leo na ankara ya siku zilezile aliyoisahau nyumbani, amechelewa. Lakini sheria hiyo inakubana na wewe pia. Kama ulishindwa mara ya kwanza na hukuutaja ule unga uliolowa, usidhani kesi ya pili ni nafasi ya kuutaja.

Mapatano yaliyorekodiwa mahakamani na kufanywa amri yana nguvu kama hukumu. Ikiwa mlikubaliana kwa shilingi 30,000 na hakimu akayaandika mapatano hayo, deni la zamani limekwisha. Kilichobaki ni kutekeleza hizo 30,000 katika faili lilelile.

Shida iko kwenye zile nyingine. Mdai aliyeiondoa kesi yake kwa notisi kabla haijapangiwa siku ya kusikizwa anaruhusiwa kuileta upya, na kujiondoa huko hakukupi kinga. Unachokipata ni kitu ambacho watu hawakitumii: kama uliamriwa kulipwa gharama za kesi iliyoondolewa na hajazilipa, unaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi mpya hadi azilipe. Nimeona ni jambo dogo lenye makali, hasa kwa mtu anayeshtaki na kuondoa, anashtaki na kuondoa, ili akuchoshe kwa nauli ya Kwale.

Kesi iliyofutwa kwa dosari, kwa mfano iliyopelekwa mahakama isiyo na mamlaka, haikuamuliwa, na inaweza kurudi mahali panapofaa.

Halafu ipo ile ya kutohudhuria, ambayo hapa kwetu hutokea sana. Siku ya kusikizwa, mdai hakuja. Kama na wewe hukuja na kesi ikatupwa, anaweza kushtaki upya. Kama wewe ulikuja, ukajibu jina lako, na kesi ikatupwa kwa sababu yeye hayupo, Amri ya 12 ya kanuni za kesi za madai inamkataza kuleta kesi mpya juu ya madai hayo. Njia aliyobakiwa nayo ni kurudi katika faili la kwanza kuomba amri ya kuitupa kesi itenguliwe. Ile safari ya matatu hadi Kwale, uliyoiona ya bure kwa sababu hakimu alisema maneno mawili tu, ndiyo inayokulinda leo. Hakikisha nakala ya amri inaonyesha kuwa ulikuwapo.

Na kama kesi ya kwanza haijaisha? Basi usidai kuwa jambo limeamuliwa. Kifungu cha 6 cha sheria hiyohiyo kinaitaka mahakama ya pili isiendelee wakati jambo lilelile liko mbele ya mahakama nyingine. Unaomba kesi ya pili isimame.

Kuandika jibu

Hata uwe na hukumu ya dhahabu mkononi, jibu kwa maandishi na kwa wakati. Katika mahakama ya hakimu, ukishawasilisha hati ya kuhudhuria ndani ya siku zilizotajwa kwenye wito, una siku 14 za kuweka utetezi. Katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mambo huenda mbio zaidi. Sheria yake ya mwaka 2016 inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa, kwa hivyo usitegemee kuahirishwa mara kwa mara. Sheria hiyo inakataza pia madai yanayoendelea au yaliyokwisha kuamuliwa katika mahakama nyingine, na inamkataza mdai kuyakata madai yake vipande ili yatoshe humo. Mwamuzi wake habanwi na kanuni kali za ushahidi, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili bila wakili.

Utetezi wako uwe na tabaka mbili, nami nasisitiza ziwe mbili. La juu linasema jambo hili limekwisha kuamuliwa, likitaja mahakama, nambari ya kesi, tarehe ya uamuzi, na aya ile ya kiapo. La chini linasema kwamba, hata kama mahakama ingeona vingine, sidaiwi, na hii ndiyo sababu: malipo haya, tarehe hizi, mzigo huu ulirudishwa. Anayeweka tabaka la juu peke yake hujikuta, hoja yake ikikataliwa, hana utetezi wowote.

Nakala za kesi ya kwanza ziambatishe kwenye hati ya kiapo, na uombe rasmi kesi ifutwe. Usisimame tu mahakamani ukapinga kwa mdomo. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, mahakama za Afrika Mashariki zinashikilia kuwa pingamizi la awali ni la hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi. Hoja kwamba mlishashtakiana huhitaji karatasi, na karatasi huingia kwa kiapo. Kuapa mbele ya kamishna wa viapo hakuna gharama kubwa.

Kwa ushahidi wa malipo, toa taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote, unaweza kuiomba kwa *334#, wala usitegemee picha za skrini za jumbe moja moja. Ile namba ya till uliyolipia, andika ni ya nani. Katika mahakama ya hakimu, nakala za elektroniki huhitaji cheti kinachoeleza zilitolewa kwa kifaa gani na nani, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Wengi wenye haki hushindwa hapo, wakiwa na simu iliyojaa ukweli ambao haujawekwa mahakamani. Daftari la duka lilete lenyewe, na kurasa zake zote, hata zile zinazoonyesha unadaiwa.

Mwisho wa utetezi, omba gharama. Kama yapo yaliyokuumiza, mfano ule mzigo mbovu, na hayakuamuliwa kabla, weka madai yako dhidi ya mdai.

Usilipe "kidogo cha kumtuliza"

Deni la mkataba lina umri. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, inampa mdai miaka 6 tangu alipokuwa na haki ya kushtaki. Muda huo ukipita, hoja hiyo nayo iweke katika utetezi, kwani usipoitaja mahakama inaweza kuendelea. Lakini hesabu huanza upya siku unapolipa sehemu, au unapokiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako. Ndiyo sababu nakusihi: ukishapata wito, usimtumie mdai shilingi 500 ili apoe, wala usimwandikie "nitamalizia mwisho wa mwezi" kwa WhatsApp. Unaweza kuwa unalifufua deni lililokufa, na pia unamkabidhi ushahidi kwamba hata wewe hukuamini kuwa kesi ya kwanza ililimaliza. Ukitaka mapatano, yaandikwe, yataje kesi zote mbili, na yarekodiwe mahakamani.

Kwa chifu, kwa kadhi, kituoni

Madeni mengi ya Kwale hupita kwanza kwa mzee wa mtaa au baraza la chifu, na ni jambo jema, kwa sababu huokoa undugu na nauli. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza njia hizo. Ila uamuzi wa baraza si hukumu ya mahakama, na hauwezi kuizuia kesi kama hukumu inavyoizuia. Kinachokufaa ni karatasi ya makubaliano yenye majina, nambari za vitambulisho, kiasi na sahihi za mashahidi. Hiyo ni mkataba mpya, na unaweza kuutumia kujitetea.

Mahakama ya Kadhi ina mamlaka katika ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi baina ya Waislamu. Deni la duka halimo. Deni la marehemu linaweza kuzuka ndani ya mirathi, lakini hilo ni shauri jingine.

Mdai akienda polisi kukutisha kwa kosa la kupata mali kwa udanganyifu, kuwa na adabu, eleza kwa utulivu kuwa kuna kesi ya madai na uonyeshe nambari yake. Usitie sahihi kituoni karatasi ya kukubali kulipa. Polisi si wakusanya madeni. Na kama deni lenyewe ni la sacco na wewe ni mwanachama, angalia: migogoro hiyo sheria imeipeleka kwenye Tribunali ya Ushirika, na mahakama ya kawaida inaweza kukosa mamlaka.

Kama hukumu imeshatoka bila wewe

Ombi la kutengua hukumu liwekwe haraka. Mahakama itataka kujua kwa nini hukujibu, na kama una utetezi unaostahili kusikizwa. Amri ya kesi ya kwanza inalijibu swali la pili vizuri sana. Kama hukupewa wito kamwe, sema hivyo, na uombe aliyeapa kuwa alikupa aje aulizwe: alikukuta wapi, saa ngapi, nani alikuonyesha kwake. Pamoja na ombi hilo, omba utekelezaji usimame.

Dalali akija, muulize hati ya mahakama ya kukamata mali na leseni yake. Kwa vitu vya nyumbani na dukani, kwanza huorodhesha, kisha hutoa notisi ya siku 7 kabla ya kuvichukua. Siku hizo 7 ndizo za kukimbilia mahakamani. Vyombo vya kupikia, vitanda, nguo, na zana za kazi yako ya kukupatia riziki vimo katika orodha ya vitu ambavyo sheria inavilinda.

Kwa msaada, mashirika kama Kituo Cha Sheria yana ofisi Mombasa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya taifa kwa wasiojiweza. Nenda na ile karatasi yako ya kesi mbili ubavu kwa ubavu. Itaokoa nusu ya mazungumzo.

Na mtu anayekushtaki mara ya tatu, ya nne? Iko Sheria ya Kesi za Usumbufu, Sura ya 41. Mwanasheria Mkuu anaweza kuiomba Mahakama Kuu imzuie mtu mwenye mazoea ya kufungua kesi zisizo na msingi, asifungue nyingine bila ruhusa. Inatumika kwa nadra, na inahitaji ushahidi wa kesi zote zilizotangulia. Kwa hiyo siku kesi ya pili itakapofutwa, usitoke mahakamani hadi umeagiza nakala mbili zilizothibitishwa za amri. Moja ibaki nyumbani Msambweni pamoja na faili la kwanza, nyingine kwa mtu unayemwamini, na gharama ulizopewa uanze kuzidai wiki hiyohiyo.